Nyongeza ya Shangazi Lan

Msichana yule alitaka chenga za mapezi ya papa kwa ajili ya supu ya bibi yake, na Yuk-lan akampimia kwa moyo mweupe. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa tatu, majira yale ya unyevu ambapo kuta hutoa jasho na sisi wa mtaa wa vitu vikavu tunakagua mizigo kila saa kwa kuogopa kuvu. Duka lilikuwa tupu. Bosi Mok alikuwa ghorofani anakunywa chai, na Yuk-lan, mwenye miaka hamsini na sita na goti lisilopenda mvua, alikuwa amechoka kukaa kimya.

"Kifua chake kimebana, Shangazi," msichana alisema. "Hataki kula chochote."

"Maskini. Mpikie na kuku, uchemshe saa nne nzima. Maana pezi lenyewe halina ladha, usije ukadanganywa. Utamu wote ni wa kuku. Pezi linaleta heshima tu mezani."

Msichana akacheka, akaomba chenga kutoka makopo matatu tofauti, kila kopo na mfuko wake. Lilikuwa ombi la ajabu kidogo, lakini wateja wana mambo yao. Alikuwa na adabu, ndala za kijivu na mwavuli uliovunjika ubavu, naye Yuk-lan akamkumbuka binti yake mwenyewe. Kwetu hapa mwuza mboga asiyekutilia majani mawili ya kitunguu bure, huyo hana mama. Kwa hiyo Yuk-lan akainama chini ya kaunta, akavuta kopo la biskuti lenye chenga alizoletewa na mumewe kutoka kazini, akachota konzi moja na kuitia katika mfuko wa nne.

"Nyongeza," alisema. "Hizi ni za mzigo mzuri. Usimwambie mtu."

Msichana akapokea kwa mikono miwili. Alipofika mlangoni akatoa kalamu nene, akaandika namba na tarehe juu ya kila mfuko, mmoja baada ya mwingine, kisha akafungua mwavuli wake mbovu na kwenda zake. Yuk-lan akabaki ameshika kijiko cha kupimia. Nani anaandika tarehe kwenye supu ya bibi?

"Umemwuzia yule wa ndala?" aliita Dada Fong wa duka la pili, mwanamke aliyeuza kamba wakavu na habari za watu kwa mizani ileile. "Heee! Yule ni wa chuo kikuu, Lan. Wananunua chenga zetu wanakwenda kuzitia kwenye mashine, na mashine inawatajia papa ni wa kabila gani. Kwangu wiki jana alisema anampikia babu."

"Kwangu kasema bibi."

"Basi ana ukoo mkubwa wa wagonjwa!"

Dada Fong alicheka mpaka akashika mlango. Yuk-lan alijaribu kucheka naye. Alilitazama kopo la biskuti, akalisukuma kwa mguu mpaka mwisho wa kaunta, ukutani kabisa.

*

Saa sita alipanda ngazi za jengo la zamani nyuma ya soko, ghorofa saba bila lifti, na chakula cha mumewe mkononi. Tam Siu-keung alikuwa juu ya paa, chini ya turubai, kati ya safu za mapezi. Zamani tuliyaanika wazi kando ya barabara. Wapiga picha wa kuwatetea papa walipozidi, yakapanda paani.

Siu-keung alikuwa na miaka thelathini na minane katika kazi hiyo. Ukimfunga macho ukampa pezi, angepapasa ukingo wake kwa kidole gumba na kukutajia papa. Na tangu mwaka mpya kidole hicho kilikuwa kinamwambia jambo asilotaka kulisikia: magunia manne ya Bosi Mok yalikuwa ya papa nyundo. Hao hawaingii mjini bila kibali, na kibali hakikuwapo. Ukishikwa nao ni jela, hata miaka kumi. Duka la Mok lilikuwa safi, karatasi zote ukutani. Paa lilikodiwa kwa jina la Siu-keung.

Yuk-lan alimwacha ale kwanza. Alipomaliza nusu ya wali akamweleza: msichana, namba, tarehe, nyongeza.

"Nyongeza kutoka kopo lipi?"

Yuk-lan alitazama turubai.

"Lan. Kopo lipi?"

"La biskuti."

Siu-keung akavichomeka vijiti vyake wima katikati ya wali, vikasimama kama ubani mbele ya maiti. Wala hakujua amefanya nini. Yuk-lan alivirukia na kuvichomoa.

"Unataka kutuua? Tema mate!"

Siu-keung akatema pembeni.

"Mashine itasema nyundo," alisema. "Wataulizana, duka gani? Bosi atasema, mimi sijui, muulizeni mwenye paa."

"Nilikukataza kuweka jina lako."

"Unajua kwa nini niliweka."

Alijua. Karamu ya arusi ya Hiu-tung, binti yao wa pekee, ilikuwa mwezi wa tano, meza nane. Bosi Mok aliahidi mapezi ya meza zote nane, ya daraja la kwanza, bure, ikiwa Siu-keung ataazima jina lake. Siu-keung alikuwa amekausha mapezi ya arusi za watu maisha yake yote. Aliwahi kuota bakuli likiwekwa mbele ya wageni wake mwenyewe, na mtu akimnong'oneza jirani yake, "Huyu baba ameweza." Kwa ndoto hiyo alitia sahihi.

*

Bosi Mok aliwasikiliza akiwa amekaa, wao wamesimama. Mbele yake palikuwa na birika la chai na vikombe vinne. Hakumimina hata kimoja.

"Kumbe mkeo mkarimu, Keung. Mkarimu wa mali ya watu."

"Nisamehe, Bosi," alisema Yuk-lan.

"Kopo la biskuti! Na mimi miaka yote nadhani ni panya."

Siu-keung aliinamisha kichwa. Mkaushaji kuchukua chenga chache za nyumbani ilikuwa desturi tangu enzi za baba yake Mok, na Mok aliijua vizuri. Lakini mtu mwenye hofu hatetei desturi.

"Paani hapafai tena," Mok alisema. "Peleka mzigo kwako."

"Kwangu, Bosi? Nyumba ya serikali? Wakijua, hata chumba wanatunyang'anya."

"Siku tatu tu. Nani atatafuta papa chumbani kwa mzee? Au unapenda nipige simu mimi mwenyewe, niseme kuna paa linanuka hapa jirani, na mkataba una jina la fulani?"

Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayekushauri dawa ya kikohozi. Walipofika ngazini Siu-keung akasema, "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake." Mkewe alikuwa anafikiria kwamba mabawa yenyewe hata si yao.

*

Gunia lingeonekana. Yuk-lan ndiye aliyekumbuka masanduku.

Yalikuwa mawili, mekundu, mapya, ya magurudumu. Yale ambayo bi harusi hutoka nayo kwa wazazi wake. Aliyanunua mwezi wa kwanza, akabandika juu yake karatasi za furaha maradufu, ile alama ya arusi, na kwenye mpini akafunga kibandiko chenye jina la binti yake kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Sasa walitia gunia moja katika kila sanduku wakayaburuta mpaka kituo cha basi, na katika lifti ya jengo lao wakakutana na Bibi Kwan wa mlango wa pili.

"Yoo! Masanduku ya bi harusi! Hongereni, hongereni! Mbona yanawatoa jasho hivyo? Mmemtilia dhahabu?"

"Mashuka," alisema Yuk-lan.

"Mashuka!" Bibi Kwan alivuta pumzi. "Na wewe Lan, kazi yako imekuingia mpaka kwenye nywele. Uoge na tangawizi."

Walicheka wote watatu. Siu-keung alicheka zaidi, mpaka Bibi Kwan akamtazama. Magunia mawili waliyamwaga chini ya kitanda, wakarudi na masanduku kufuata mawili mengine, na hayo wakayaacha humohumo masandukuni. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja na kijisehemu cha kupikia.

Siku tatu zikapita. Bosi Mok alikuwa amekwenda bara, na simu yake ikawa inaita tu. Siku tatu zikawa wiki tatu. Ukifungua dirisha, unyevu unaingia na mzigo wa watu unaoza. Ukifunga, harufu inakaa humohumo na wewe. Walifunga. Mashine ya kukausha hewa ilinguruma mchana kutwa, na Siu-keung akakaa nyumbani kuilinda. Walikubaliana: asimfungulie mtu, hata agongwe vipi. Yuk-lan ana ufunguo wake.

Kila hatua koridoni ilikuwa ya askari. Mwenye kuleta barua alikuwa askari, mfagiaji alikuwa askari. Siu-keung aliacha kukohoa. Alijifunza kuvuta maji ya choo pale tu majirani walipovuta yao. Yuk-lan alikuwa akirudi anamkuta ameketi kitandani kwenye giza la mapazia, fulana imelowa, anapapasa pezi kwa kidole gumba bila kulitazama.

"Mzee simwoni siku hizi akishuka kununua gazeti," Bibi Kwan aliuliza.

"Anaumwa. Amelala."

"Na harufu hii?"

"Dawa za miti, Bibi. Kali sana."

Bibi Kwan aliitikia kwa kichwa, lakini macho hayakuitikia. Mdogo wake alikuwa amefia peke yake jengo la mbele, na hakuna aliyejua mpaka siku ya tano, harufu ilipotoka chini ya mlango. Tangu hapo bibi huyo alinusa milango ya watu kama wengine wanavyosoma magazeti.

*

Jumapili Hiu-tung alikuja kuchukua masanduku yake. Alikuwa ameshasajili ndoa na alikaa kwa mumewe, ilibaki karamu. Mama yake alimfungulia kiasi cha kupita ubavu. Hiu-tung akasimama katikati ya chumba, akavuta pumzi moja, akaketi juu ya sanduku jekundu.

"Hii si harufu ya mashuka. Nimekulia ndani yake. Ni ya nani?"

"Ya Bosi," Siu-keung alisema. "Punguza sauti. Tukiyatunza, meza zako nane zina supu."

"Baba, hoteli nimeshazungumza nayo. Supu ni ya mung'unye na kaa."

"Mung'unye!" Alisahau kunong'ona. "Nimwozeshe binti kwa maji ya mung'unye? Baba mkwe wako atasema Keung ameishi ndani ya mapezi miaka arobaini, na hakuweza kuleta bakuli moja."

"Baba mkwe ndiye aliyeomba yasiwepo. Na rafiki zetu hawali. Papa wanaisha, Baba."

"Papa wanaisha! Wazungu wanamshindilia bata chakula kooni mpaka ini linavimba, wanalila na mkate. Nani amepanda paani kwao na kamera? Ni sisi tu. Chetu ndicho kibaya."

"Hilo kweli," alisema Hiu-tung. "Lakini nani aliniambia kwamba zamani pezi moja lilikuwa halienei kwenye kiti? Nani aliniambia siku hizi ni kama kiganja, na akishika anaona haya, kama mtu aliyenunua mtoto wa mbuzi anayenyonya bado, wa kuchinja? Sikuambiwa na chuo kikuu. Ulikuwa wewe, tena umekunywa bia moja tu."

Mkono wa Siu-keung ulikuwa bado na pezi, na lilikuwa dogo kweli. Akaliweka chini ya mto taratibu.

"Yapelekeni mnakotaka," Hiu-tung alisema kwa machozi. "Jumamosi nitakuja kuyachukua masanduku. Nataka yakiwa matupu, na nataka wazazi wangu kwenye karamu. Basi. Sitaki supu."

*

Alhamisi, saa nane mchana, msichana wa ndala za kijivu alirudi dukani. Yuk-lan hakumpa nafasi ya kusalimu. Alimshika mkono, akamvuta mpaka kichochoro cha mapipa ya taka, na hapo akapiga magoti. Watu wa mtaa wetu hawajamwona Fung Yuk-lan akimpigia mtu magoti, wala kabla wala baada.

"Mwanangu, nakuomba. Ule mfuko wa nne utupe. Mume wangu ana miaka sitini na moja. Hajaiba. Ni jina tu waliliazima."

"Shangazi, inuka! Inuka tafadhali." Msichana mwenyewe alikuwa karibu kulia. "Nani kakuambia nitawashitaki?"

"Si mnaandika? Niliona ukiandika namba."

"Namba tu. Hatuandiki majina ya maduka. Duka lenu ni namba arobaini na moja. Hata mimi nikiulizwa kesho arobaini na moja ni nani, daftari halina. Tunataka kujua ni papa gani wanaouzwa mjini, basi. Hakuna atakayekuja kwenu."

Yuk-lan alimtazama usoni kutafuta uongo. "Bibi yako je?"

"Sina bibi." Msichana aliona haya. "Nisamehe. Ulinipa nyongeza, na mimi nilikuwa nakudanganya. Ndiyo maana nimerudi. Nililala vibaya."

"Ulikuwa wa nyundo?"

"Wa nyundo."

"Wadogo," alisema Yuk-lan, na hakujua kwa nini anasema. "Mume wangu anasema ni wadogo mno, hawajazaa hata mara moja."

"Mashine haijui umri, Shangazi. Mume wako anajua kuliko mashine yetu."

Yuk-lan alicheka, kisha akalia, kisha akafuta uso kwa aproni. Hatuandiki majina. Alivua aproni palepale, akamrushia Dada Fong ufunguo wa duka, akapanda basi bila kuaga. Njia nzima alikuwa anaipanga sentensi hiyo mdomoni. Angeingia, angefungua mapazia, angefungua madirisha yote, na mzigo wa Mok uoze kama unataka kuoza. Magunia yangerudi paani kesho asubuhi, masanduku yangepigwa sabuni. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu alihisi njaa.

*

Lifti ilipofunguka alikuta koridoni pamejaa watu. Geti la chuma la mlango wao lilikuwa limekatwa, linaning'inia kwa bawaba moja. Wazima moto wawili walikuwa wanakusanya vifaa vyao. Bibi Kwan alimrukia shingoni, bakuli la uji mkononi, uji ukamwagikia bega.

"Yu hai, Lan! Yu hai! Tangu saa nne nagonga. Namwita, Keung, Keung, kimya. Mashine yenu nayo ikazima. Na harufu ile... nikasema si mara ya pili, safari hii siachi mtu alale siku tano. Nimepiga simu mimi. Kumbe yu hai!"

Alikuwa hai. Siku hiyo yote alikuwa ameketi kitandani, amejiziba mdomo kwa mkono, akimsikiliza bibi mwenye miaka sabini na nane akililia jina lake nje ya mlango. Sasa aliketi vilevile, mikono magotini.

Askari kijana, kitambaa puani, alikuwa ametafuta chanzo cha harufu akakipata. Sanduku moja jekundu lilikuwa wazi sakafuni. Mapezi yalikuwa yamemwagika mpaka mlangoni, mamia, kila moja kama kiganja cha mtoto.

"Ni ya nani haya?"

"Yangu," alisema Siu-keung.

Askari akageuza kibandiko kwenye mpini, akakisogeza kwenye mwanga. "Hapa pameandikwa Tam Hiu-tung. Huyu ni nani?"

Siu-keung alifungua mdomo, na sauti ikakataa kutoka. Wiki tatu alizojifunza kunyamaza zilikuwa zimemwingia mwilini, na sasa, alipotakiwa kusema, hakuweza.

Koridoni Bibi Kwan alikuwa anawaambia watu, "Yu hai, nimemwona kwa macho yangu." Yuk-lan alikuwa bado na ile sentensi mdomoni aliyokuja nayo kutoka mjini. Akaimeza. Akavuka mapezi, akaingia kati ya askari na sanduku, akakifunika kibandiko kwa mkono wake.

"Huyo ni binti yangu, na hajui lolote," alisema. "Masanduku nilinunua mimi, nikayajaza mimi, na kibandiko nilikiandika mimi. Andika jina langu."

"Pole pole, mama. Unaitwa nani?"

"Fung Yuk-lan."

Kijana alitafuta kalamu mfukoni, akapata, ikagoma kuandika kwa unyevu, akaipulizia. Yuk-lan akangoja. Kisha akamtajia tena, neno baada ya neno, mpaka alipomaliza kuandika.